Mpira wa Paka wa Kroshia kwa Mabaki ya Uzi

Mabaki ya uzi yanayosalia baada ya kufuma kitambaa cha meza au kofia ya mtoto hutosha kumfumia paka mpira mdogo. Chagua uzi wa pamba uliosokotwa vizuri, kwa kuwa ule wenye manyoya hunasa kwenye kucha na kunyofoka upesi, na utumie sindano ya kroshia ya milimita 3.5 ili mishono ikazane.

Fuma minyororo 2, kisha weka mishono mifupi 6 (kila mmoja: ingiza sindano, vuta uzi, kisha uvute tena uzi kupitia vitanzi vyote viwili) ndani ya mnyororo wa kwanza. Katika mzunguko wa pili, weka mishono miwili juu ya kila mshono, upate 12. Katika wa tatu, ongeza mmoja kila baada ya mshono mmoja, upate 18. Fuma mizunguko mingine 3 bila kuongeza wala kupunguza, ukitia alama ya uzi wa rangi nyingine pale mzunguko unapoanzia, maana bila hiyo hesabu hupotea hata kwa mfumaji mzoefu. Sasa fuma mshono mmoja na kuunganisha miwili inayofuata hadi ibaki 12, ujaze vipande vya uzi kwa kushindilia, uunganishe miwili miwili hadi ibaki 6, kisha ufunge tundu.

Ncha ya uzi ipitishwe mara kadhaa ndani ya mpira kabla ya kukatwa. Usishone vifungo, shanga wala mkia mrefu, kwani uzi uliomezwa unaweza kuyakunja matumbo ya paka hata akahitaji kupasuliwa. Mpira ukianza kufumuka, utupe.