Unaishi na VVU? Usisubiri kikohozi kifikishe wiki mbili

Wengi tumezoea kusikia kwamba kikohozi cha wiki mbili ndicho cha kutiliwa shaka. Kwa anayeishi na VVU huko ni kuchelewa. Kikohozi cha siku yoyote, homa, jasho jingi usiku au kupungua uzito: dalili moja tu inatosha kwenda kupimwa kifua kikuu (TB). CD4 (seli za kinga ya mwili) zikiwa chini sana, makohozi yanaweza yasionyeshe kitu ilhali ugonjwa upo, kwa hiyo ulizia na kipimo cha mkojo.

Hatari ya kuugua TB hupanda zaidi kwa anayekatiza ARV (dawa za kufubaza VVU), anayeishi nyumba moja na mgonjwa wa TB, mwenye kisukari, mvutaji sigara, mnywaji pombe sana, na ndugu zetu wa machimboni wanaovuta vumbi la mawe kutwa nzima.

ARV hupunguza hatari hiyo, haziimalizi. Siku ya kliniki muulize mhudumu wa CTC (kliniki ya huduma za VVU): "Nimeshapewa dawa ya kukinga TB?" Isoniazid, mojawapo ya dawa hizo za kukinga, humezwa kila siku kwa miezi 6, baada ya kuhakikisha huna TB yenyewe. Ukiitumia halafu macho yakawa ya njano au ukatapika mfululizo, rudi kituoni siku hiyohiyo.