Jinsi ya kupanga kikosi cha fantasi ya NBA kwa usiku mmoja, ukiwa Nairobi

Kikundi chetu cha mtaa wa Umoja kina watu wanane. Usiku wenye mechi za kutosha, kila mtu hupanga kikosi cha kufikirika cha wachezaji wanane wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, akakituma WhatsApp kabla ya mechi ya kwanza kuanza, na asubuhi tunahesabu alama kutokana na walichofanya wachezaji hao uwanjani. Hatuweki pesa. Anayeshika mkia wiki nzima hununua chai na mandazi Jumamosi tukitoka uwanjani.

Vijana wapya kikundini huniuliza ninachaguaje. Jibu langu ni lile lile kila mara: ninanunua dakika. Mchezaji aliyekaa benchi hafungi, hadaki ribaundi (mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa), haibi mpira, hata awe na jina kubwa namna gani. Hatua zote zifuatazo zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Ijue hesabu kabla ya kumjua mchezaji

Sisi tunafuata hesabu ya DraftKings, mtandao wa fantasi wa Marekani. Pointi moja ya kikapu ni alama 1. Ribaundi ni 1.25, asisti (pasi inayozaa kikapu) 1.5, kuiba mpira 2, kuzuia mtupo 2. Kila kikapu cha mbali cha pointi tatu huongeza nusu alama, na kila mpira unaopotezwa hukata nusu. Akifikisha kumi katika vipengele viwili anaongezwa 1.5, akipata tripo-dabo, yaani kumi katika vipengele vitatu, kuna nyongeza ya 3.

Sasa chukua karatasi. Msimu wa 2024-25 Jalen Green wa Houston alikuwa na wastani wa pointi 21.0, ribaundi 4.6 na asisti 3.4. Josh Hart wa New York alikuwa na pointi 13.6, ribaundi 9.6 na asisti 5.9. Ukimuuliza shabiki yeyote pale kinyozi nani ni bora kwenye fantasi, atakutajia mfungaji. Lakini piga hesabu ya vipengele hivyo vitatu: Green anapata 31.85, Hart 34.45. Siku moja kijana mmoja aliniandikia, "Buda, Hart tena? Huyo hafungi!" Nikamtumia hesabu hiyo, naye wiki iliyofuata akamweka Hart mwenyewe. Na angalia jambo moja zaidi: Hart alicheza wastani wa dakika 37.6 kwa mechi msimu huo, nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi.

Kama kikundi chenu kinafuata hesabu ya FanDuel, mtandao mwingine wa aina hiyo, usinakili kikosi changu. Kule kuiba na kuzuia ni alama 3 kila kimoja, na mpira uliopotezwa hukata alama nzima. Victor Wembanyama aliongoza ligi kwa kuzuia mitupo msimu huo kwa wastani wa 3.8 kwa mechi. Kwetu hiyo ni alama 7.6, kwa FanDuel ni 11.4. Mchezaji ni yule yule, ila thamani yake imebadilika.

Hatua ya 2: Gawanya bajeti

Kila mchezaji ana bei yake, na bajeti ni dola 50,000 za kuhesabia tu, kwa nafasi nane: pointi gadi (mwongozaji wa mchezo), shuti gadi, fowadi mdogo, fowadi mkubwa, senta, gadi yeyote, fowadi yeyote, na nafasi ya nane ya mchezaji wa aina yoyote. Wastani ni 6,250 kwa kila mtu.

Kipimo changu ni alama 5 kwa kila 1,000 nilizolipa. Mchezaji wa 8,000 lazima niamini atafikisha 40. Wa 4,000, 20. Nikishindwa kueleza kwa maneno zitatoka wapi, namwacha.

Hatua ya 3: Panga saa zako

Hapa ndipo sisi wa Nairobi tunapopoteza alama nyingi, na hakuna mwongozo wa Marekani utakaokuambia.

Wakati wa baridi yao, sisi tuko mbele ya New York kwa saa nane. Mechi inayoanza saa moja jioni kule huanza saa tisa usiku hapa. Za Los Angeles zinazoanza saa moja jioni yao hutufikia saa kumi na mbili asubuhi, makanga wakiwa wameshaanza kuita abiria. Lakini Jumapili ya pili ya Machi, Marekani husogeza saa mbele, na ile mechi ya saa tisa inakuwa ya saa nane. Jumapili ya kwanza ya Novemba hurudi ilivyokuwa.

Mwaka mmoja nilisahau hiyo ya Machi. Niliweka kengele saa nane na nusu kama kawaida, nikaamka, nikafungua simu, nikakuta mechi ziko robo ya kwanza na mchezaji wangu wa 9,400 amevaa suti benchi. Alama sifuri. Iliniuma, kwa sababu habari kwamba hachezi ilitoka nikiwa nimelala. Tangu siku hiyo nimebandika tarehe hizo mbili kwenye kalenda ya ukutani, karibu na swichi ya taa.

Ratiba yangu sasa ni hii. Timu hutakiwa kutoa ripoti ya majeruhi kufikia saa kumi na moja jioni ya kwao, siku moja kabla ya mechi. Kwa timu za pwani ya mashariki, wakati wa baridi, hiyo ni saa saba usiku kwetu, kwa hiyo ninaisoma asubuhi kwenye matatu kutoka Umoja hadi mjini. Timu inayocheza siku mbili mfululizo hutoa ripoti ya mechi ya pili saa saba mchana ya siku yenyewe, yaani saa tatu usiku hapa. Hiyo ninaisoma baada ya chakula cha jioni, na ndipo ninapopanga kikosi cha kwanza. Kisha ninalala. Kengele inalia nusu saa kabla ya mechi ya kwanza, wakati timu zinapotangaza watano wa kuanza.

Hatua ya 4: Fuata dakika 240

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Mechi ya NBA ni dakika 48. Watu watano kwa dakika 48 ni dakika 240 kwa kila timu. Hazipungui. Kwa hiyo nyota akikosa mechi, dakika zake haziyeyuki, zinahamia kwa wengine. Kazi yako ni kukisia zinahamia kwa nani kabla wenzako hawajakisia. Bei huwekwa mapema; habari ya jeraha huja baadaye. Kwenye pengo hilo ndipo wachezaji wa bei nafuu hupatikana.

Tuseme pointi gadi wa kuanza, ambaye hucheza dakika 34, yuko nje. Kosa la wengi ni kumpa mbadala wake zote 34. Haiwi hivyo. Mbadala aliyezoea dakika 16 huenda akapanda hadi 28. Hizo ni 12. Kijana wa tatu wa mwisho wa benchi anapewa 10. Zilizobaki 12 wanagawana mashuti gadi, kwa sababu kocha atacheza kwa muda fulani bila pointi gadi halisi. Sasa angalia mbadala huyo hupata alama ngapi kwa dakika. Kama ni 0.9, dakika 28 ni alama 25.2. Kama bei yake imebaki 3,800, alihitaji 19 tu. Huyo anaingia kikosini.

Mfano wa kweli ninaoupenda ni wa San Antonio, Februari 2025. Wembanyama alipatikana na damu iliyoganda begani na msimu wake ukaishia hapo. Aliyeanza kama senta alikuwa Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye alikuwa amesajiliwa mwezi ule ule. Wengi kikundini walimkimbilia, na mimi nilifurahi kama mtu yeyote kumwona ndugu yetu wa Kongo akianza. Lakini kuanza mechi si kucheza muda mrefu. Dakika za Wembanyama ziligawanywa, na Biyombo hakuwa mtu wa dakika 33. Tazama dakika alizomaliza nazo, usitazame tu jina lake kwenye orodha ya watano.

Machi ya mwaka huo mwenzake Biyombo kikosini, Sandro Mamukelashvili, alifunga pointi 34 dhidi ya New York ndani ya dakika 19. Ni jambo la kushangaza, na siku iliyofuata watu wanne katika kikundi chetu walimweka. Mimi sikumweka. Kutupa vizuri usiku mmoja hakumfanyi kocha akuahidi dakika za kesho. Nikiona mtu amelipuka, swali langu la kwanza ni: alicheza dakika ngapi, na kwa nini alizipata? Kama ni kwa sababu mwenzake alikuwa na faulo tano akakalishwa benchi, nampita.

Kuhusu maneno ya ripoti ya majeruhi: anayeandikwa "probable", yaani inaelekea atacheza, mimi humhesabu kuwa anacheza. Mwenye shaka kubwa, "doubtful", humhesabu kuwa yuko nje. Yule wa nusu kwa nusu, "questionable", ndiye anayenifanya niamke usiku.

Hatua ya 5: Chagua mechi zenye mipira mingi

Timu inayokimbia humpa kila mtu nafasi zaidi za kutupa, kudaka na kupasia. Msimu wa 2024-25 Memphis Grizzlies ndio waliokimbia kuliko wote, na Boston Celtics walikuwa miongoni mwa wa polepole kabisa ingawa walikuwa wazuri sana. Ubora wa timu na wingi wa mipira ni vitu viwili. Ninatazama jumla ya pointi zinazotarajiwa kwenye kila mechi, nazipanga kutoka juu kwenda chini, na ninaanza kutafuta wachezaji katika mechi mbili tatu za juu.

Kisha ninaondoa zile ambazo upande mmoja unatarajiwa kushinda kwa pointi 12 au zaidi. Mshindi akishajulikana mapema, kocha hupumzisha nyota robo ya nne. Aliyetarajiwa kucheza dakika 35 anamaliza na 28, na kama hupata alama 1.2 kwa dakika, umepoteza 8.4 bila yeye kufanya kosa lolote.

Hatua ya 6: Jaza kikosi kuanzia chini

Watu huanza na nyota. Mimi huanza na wawili wa bei nafuu niliowapata katika hatua ya 4, kwa sababu wao ndio wanaoamua ni nyota gani ninaweza kumlipa. Wawili wa 3,800 ni 7,600. Zinabaki 42,400 kwa watu sita. Hapo ninaweza kumchukua mkubwa mmoja wa aina ya Nikola Jokić. Msimu wa 2024-25 alikuwa na wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2; vipengele hivyo vitatu peke yake ni karibu alama 61. Bei yake huwa ya juu kabisa, na mara nyingi anaistahili.

Wasiwe zaidi ya wawili kutoka timu moja. Wanagawana mpira mmoja na zile dakika 240. Ninavunja kanuni hii pale tu timu inapokosa wachezaji wawili wakubwa kwa pamoja, kwa kuwa hapo kuna dakika za kutosha watatu.

Nafasi ya nane, ile ya mchezaji wa aina yoyote, mpe yule ambaye mechi yake inaanza mwisho. Kwetu, hata kikosi kikishatumwa, mchezaji hufungwa (habadilishwi tena) mechi yake inapoanza, si kabla. Mtu wa Los Angeles au Portland akijiondoa saa kumi na moja alfajiri, nafasi hiyo inakuruhusu kumbadilisha kwa gadi, fowadi au senta yeyote aliyebaki. Ukimweka kwenye nafasi ya senta, unabaki kutafuta senta tu, na asubuhi hiyo pengine hakuna wa maana.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Kengele ikilia, usifungue mazungumzo ya kikundi kwanza. Fungua orodha ya watano wa kuanza. Kagua wale wa nusu kwa nusu. Badilisha mmoja au wawili, tuma, lala. Mabadiliko manne ya saa tisa usiku huwa ni usingizi unaozungumza. Na simu iwe na chaji kabla ya kulala, maana stima mtaani hazina mkataba na mtu.

Hatua ya 8: Asubuhi

Kabla ya kutazama nani ameongoza, ninafungua daftari lenye safu tatu: jina, dakika nilizokisia, dakika alizocheza. Nikikisia 28 akacheza 29 lakini akakosa mitupo, siandiki chochote, nitamchukua tena. Nikikisia 28 akacheza 17, ninatafuta sababu: faulo, jeraha, kichapo kikubwa, au kocha hamwamini kama nilivyodhani. Ikiwa ni hiyo ya mwisho, ninaandika jina la kocha pembeni kwa kalamu nyekundu, na mbadala wa timu hiyo simgusi tena hadi nimwone akipewa dakika 25 mara mbili mfululizo.