Kabla ya kuongeza RAM, soma madabodi yako

Mtu akiniambia kompyuta yake ya mezani ni nzito na anataka kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, swali langu la kwanza ni moja: madabodi yako, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, ni ipi? Hiyo ndiyo inayoamua aina ya RAM, idadi ya vijiti (vipande vya RAM) na ukubwa wa juu kabisa. Jina lake limechapwa juu ya ubao wenyewe, mara nyingi kwa herufi kubwa katikati ya sloti, zile nafasi za kuchomekea vifaa. Litafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome kikomo chake, ndipo utoe hela. Inaniuma kuona mtu amenunua kijiti kizuri ambacho mashine yake haiwezi kukitumia.

Hakikisha pia kwamba tatizo ni RAM kweli. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye sehemu ya utendaji (Performance), uangalie kumbukumbu (Memory) huku ukiendelea na kazi zako za kila siku. Ikipanda hadi asilimia 90 na kubaki hukohuko, basi RAM itakusaidia. Ikiwa haijafika hata nusu na mashine bado inajivuta, mshukiwa wangu ni diski ya kuzunguka; weka SSD kwanza, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Kwenye sehemu hiyohiyo ya kumbukumbu utaona sloti ngapi za RAM zimeshatumika. Kwenye Linux, amri ya sudo dmidecode -t memory inakupa habari hizo. Na kama Windows yako ni ya biti 32, haitavuka GB 4 hata ukiijazia nini.

Vizazi vya RAM, yaani DDR3, DDR4 na DDR5, haziingiliani hata kidogo. DDR3 ina pini 240. DDR4 na DDR5 zote zina 288, ila pengo la katikati limehamishwa na umeme wake ni tofauti: volti 1.2 kwa DDR4, 1.1 kwa DDR5. Jihadhari na RAM za seva zinazoitwa RDIMM. Ya DDR4 inakaa vizuri kabisa kwenye sloti ya kompyuta ya kawaida, lakini mashine haitawaka.

Nunua vijiti viwili vilivyofungashwa pamoja. GB 8 mara mbili ni bora kuliko GB 16 moja, kwa sababu prosesa huzungumza na RAM kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ukichanganya kijiti cha kasi na cha taratibu, vyote vitafuata mwendo wa yule wa taratibu.

Sasa kazi yenyewe. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika RAM, na ishike kwa kingo tu. Kama sloti ziko nne na vijiti ni viwili, kwenye madabodi nyingi vinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Mwongozo wa madabodi ndio wenye neno la mwisho.

Fungua vibanio vya sloti. Baadhi ya madabodi zina kibanio upande mmoja tu. Linganisha pengo la kijiti na kizuizi kilicho ndani ya sloti. Visipokutana, usilazimishe: umekigeuza, au ni aina nyingine. Vikikutana, weka dole gumba kila mwisho na ukandamize wima, kwa nguvu zaidi ya unavyodhani. Hapa ndipo wengi wanapoogopa na kuachia katikati. Utasikia "ta", na kibanio kitajifunga chenyewe. Inama utazame kwa pembeni: mstari wa dhahabu ukionekana umepanda upande mmoja, bado hakijaingia.

Ukiwasha DDR5 kwa mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa madabodi ikijipima na RAM mpya. Vumilia, usizime. Ikigoma kabisa, zima, chomoa waya, toa vyote, urudishe kimoja kimoja.

Ikishawaka, ingia BIOS (mipangilio ya madabodi yenyewe) uwashe XMP, au EXPO kwenye madabodi za AMD za DDR5; ndiyo mipangilio inayoipa RAM kasi iliyotangazwa. Usipofanya hivyo, RAM uliyoilipia kasi ya 3600 inaweza kuishia kwenye 2133 au 2666. Kisha iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja halikubaliki, maana RAM mbovu huharibu mafaili kimyakimya. Likitokea, zima XMP au EXPO ili kurudisha kasi ya kawaida, upime tena. Makosa yakiendelea, pima kila kijiti peke yake kwenye sloti ileile, na kile kinachokosea kirudishe dukani kikiwa bado na dhamana.