Kigingi, kopo na daftari: namna ya kuusoma Mto Rufiji

Nalima mpunga na mahindi bondeni, jirani na Utete, kwenye shamba alilolima bibi yangu. Bibi alikuwa akilala kwenye dungu msimu mzima akilinda nguruwe na ndege, na kalenda yake ilikuwa mto wenyewe. Mpunga ulitangulia na mvua za kwanza, ili mafuriko ya masika yaukute umeshasimama. Mto ukirudi kwenye mkondo wake uliacha tope jeusi, na hapo tulipanda mahindi ya mlau bila kungoja mvua nyingine. Hesabu hiyo ilimlea mama yangu na ndugu zake wote. Mimi iliniangusha mwaka 2020, maji yalipoufunika mpunga ambao haujanifika magotini. Tangu hapo sipandi kwa kukumbuka, napanda kwa kuandika.

Anza kwa kujua maji yako yanatoka wapi. Wengi wetu tunatazama mawingu ya kijijini, na hapo ndipo tunapokosea. Rufiji huanzia pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, kisha Ruaha Mkuu ukaingia mbele yake, na Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji. Mvua ya Ifakara na milima ya Udzungwa inakuhusu kuliko inayogonga bati lako. Tangu Desemba 2022 maji hayo yote hupitia kwanza kwenye bwawa la Julius Nyerere. Mafuriko madogo yanaweza kuishia humo, na mageti yakifunguliwa mto unaweza kupanda huku kwako jua linawaka. Kwa hiyo unahitaji vipimo viwili, cha mto na cha mvua, na usivichanganye.

Kipimo cha mto ni vigingi. Kimoja hakitoshi, kwa sababu maji yakipanda utalazimika kukisogelea, na mto huu una mamba na viboko. Mimi nina vinne, vimepanda ukingo kama ngazi: cha chini kinaanzia maji ya Oktoba, mto unapokuwa mdogo kabisa, na cha juu kiko kwenye njia ya kwenda shambani. Mwisho wa kigingi kimoja uwe sawa na mwanzo wa kinachofuata. Ili usawa huo uwe wa kweli, azima kwa fundi ujenzi ule mpira mwembamba wa kupimia levo kwa maji. Paka rangi kila sentimita 10 na uandike namba kubwa, zisomeke kwa mbali. Chagua ukingo usiomeguka. Usimtume mtoto kusoma, hata mara moja.

Kipimo cha mvua ni kopo lenye kuta zilizosimama wima. Ndoo hudanganya kwa kuwa juu ni pana kuliko chini. Liweke peupe, mbali na mwembe na paa, umbali wa mara mbili ya urefu wa mti huo. Kila siku saa 3 asubuhi tumbukiza rula, andika milimita, mwaga maji. Milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba ya shamba, kwa hiyo namba ndogo isikufanye uidharau. Siku isiyo na mvua andika sifuri. Ukiacha wazi, baadaye hutajua kama haikunyesha au hukupima.

Daftari langu lina safu tano: tarehe, mto, mvua, kilichofanyika shambani, na ya mwisho naiita chanzo. Mto umepanda na kopo limejaa, naandika "mvua ya hapa". Umepanda na kopo ni kavu, nampigia simu shemeji yangu aliye Ifakara, kisha naulizia ofisi ya kijiji kama bwawa linatoa maji. Jibu ndilo naandika, pamoja na idadi ya siku tangu mvua ya huko inyeshe.

Hapo ndipo habari ya tabianchi inapoingia, na naomba tuiseme vizuri. Mafuriko ya mwaka mmoja si mabadiliko ya tabianchi. Wataalamu hulinganisha miaka 30. Ila joto la dunia limeshapanda zaidi ya digrii 1 kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa na kwa misitu inayofyekwa, na hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii. Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli hufurika, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Tanuri la mkaa nyuma ya kijiji silo lililoipasha bahari hiyo joto. Lakini ndilo linaloacha kilima uchi, na mchanga wake unashuka mtoni. Viandike kila kimoja mahali pake, maana cha pili tunaweza kukizungumza kwenye mkutano wa kijiji wiki ijayo.

Kwa kuwa daftari lako ni changa, nenda kwa wazee. Usiulize "mvua zimebadilika?" maana watakuitikia ndiyo kwa adabu tu. Baada ya shikamoo, omba uonyeshwe maji yalifika mti gani, na mpunga ulivunwa lini. Wengi watakutajia Ramadhani, nayo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka: wakati wa El Nino ilikuwa Januari 1998, mwaka 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili. Geuza tarehe kabla hujaandika, la sivyo utadhani mavuno yamehama kumbe mwezi ndio uliohama.

Shambani nafanya hivi. Mbegu ya mpunga naigawa mafungu matatu na kupanda kwa kupishana wiki mbili, baada ya kusikia utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mto usipofika kigingi cha tatu hadi Mei, najua tope halikufika kwangu, basi siweki mahindi ya mlau, naweka kunde. Ufuta unabaki mwinukoni, mizizi yake haivumilii maji yaliyosimama. Ndugu wa delta, kule mto unapoingia baharini, waongeze safu ya chumvi: waandike ni bamvua ipi, yaani kujaa kukubwa kwa bahari, maji ya chumvi yaliingia kwenye majaruba, na yalifika wapi.

Kila Ijumaa napiga picha ukurasa wa wiki na kumtumia mdogo wangu Dar es Salaam. Madaftari yaliyokwisha kujaa yanakaa Ikwiriri kwa shangazi, pamoja na mbegu, kuanzia Februari hadi maji yashuke.