Jinsi ya kusoma ripoti ya CBC bila kuumwa na kichwa

Wazazi wenzangu, muhula uliopita binti yangu wa gredi ya 5 alikuja na ripoti ya CBC, ule mtaala wa umilisi wa Kenya, karatasi tatu, nikaisoma mara mbili na bado nikabaki na swali moja tu, huyu mtoto anajua hesabu ama hajui? Ilinikera sana kusema ukweli, unalipa karo, unatafuta manila za projekti usiku, halafu unaandikiwa mambo ya mtoto wako kama barua ya wakili.

Anza na zile herufi. EE amezidi kinachotarajiwa, ME amefikia, AE anakaribia, BE bado yuko chini. Usizigeuze ziwe A, B, C za 8-4-4, ule mfumo wa zamani, utamgombeza mtoto bure, maana ME si C, ni kusema alichofunzwa amekishika. Ukiona ME1 ama AE2, hiyo ni mizani ya ngazi nane kama ya KJSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya 9, EE1 ndiyo ya juu, pointi 8, BE2 ya chini kabisa, pointi 1.

Strandi na sabustrandi ni mada na mada ndogo, basi. KICD wenyewe, wale wanaoandaa mtaala, kwenye mtaala wa somo la Kiswahili wameandika hivyo hivyo, yaani maneno rahisi yapo, ni vile tu hayafiki kwa ripoti zetu. SBA nayo ni tathmini zinazofanyiwa shuleni na alama zinaenda KNEC, baraza la mitihani, hizo msizipuuze jamani, za gredi ya 7 na 8 ni asilimia 20 ya matokeo ya KJSEA, KPSEA, ile tathmini ya kitaifa ya gredi ya 6, ni 20 ingine, mtihani wenyewe wa gredi ya 9 ni 60.

Memo ya shule kwa WhatsApp ikikushinda kuelewa, jibu siku hiyo hiyo, uliza vitu vitatu: ni lini, mtoto alete nini, ni pesa ngapi.

Lakini kilichonisaidia kabisa ni hiki. Usimwulize mwalimu "AE inamaanisha nini", atakurudishia maneno yale yale. Mwandikie hivi: "Mwalimu, habari ya kazi. Naomba unionyeshe zoezi moja ambalo limefanya apate AE." Mimi nilienda, mwalimu akafungua kitabu cha hesabu, na hapo ndipo nikaelewa. Nusu jumlisha robo, mtoto ameandika 2/6. Alikuwa anajumlisha za juu kivyake na za chini kivyake, ukurasa mzima! Karatasi tatu za ripoti hazikuwa zimesema hilo, na mwalimu alilisema kwa dakika moja, tena vizuri kabisa.

Jumamosi tukakata chapati, nusu kwa sahani, nikaongeza robo, nikamwambia akate ile nusu iwe vipande viwili sawa, ahesabu vyote. Akanyamaza kidogo, halafu, "Mama, ni robo tatu!" Siku hizi mwalimu ananiandikia mstari mmoja kwa dayari, wa juzi ulisema: anajumlisha sehemu vizuri, kutoa bado.