Usaha unanuka lakini maabara haioni kitu: hatua za kutibu maambukizi ya bakteria wa utumbo wasiotaka oksijeni

Mwongozo huu ni wa tabibu na mtaalamu wa maabara wanaompokea mgonjwa mwenye usaha tumboni: kidole tumbo kilichopasuka, jipu la ini, jipu la nyonga, au kidonda cha upasuaji wa utumbo kilichofumuka. Mara nyingi wahusika ni bakteria wasioweza kuishi penye oksijeni, na mara nyingi vilevile majibu hurudi yameandikwa "hakuna kilichoota". Mgonjwa huishia kupewa dawa isiyowagusa kabisa. Hilo linazuilika, na kazi huanza kabla ya kuandika dawa yoyote.

Hatua ya 1: Jua unapambana na nani

Gramu moja ya kinyesi kwenye utumbo mpana hubeba bakteria wapatao bilioni 100, na karibu wote ni wa jamii hii; E. coli tunayemtaja kila siku ni wachache sana mbele yao. Wakibaki ndani ya utumbo hawamdhuru mtu. Ukuta ukitoboka, ndipo balaa linapoanza.

Wa kumkariri ni Bacteroides fragilis. Ni sehemu ndogo tu ya wakazi wa utumbo, lakini katika jamii yake ndiye anayeongoza kupatikana kwenye usaha wa tumbo, kwa kuwa gamba lake la sukari huuchochea mwili kujenga jipu. Majaribio ya panya ya miaka ya 1970 yalionyesha ugonjwa ukienda kwa awamu mbili. Kwanza E. coli walileta maambukizi makali ya tumbo na vifo. Panya walionusurika wakaota majipu ya Bacteroides. Antibiotiki ya jentamisini peke yake ilipunguza vifo, majipu yakabaki. Antibiotiki nyingine, klindamisini, peke yake ilizuia majipu, vifo vikaendelea. Zilipotolewa pamoja, vyote viwili vilipungua. Ndiyo maana tunawatibu wote kwa pamoja tangu dozi ya kwanza.

Washuku ukikuta usaha wenye harufu ya kuoza, gesi ndani ya nyama, au darubini ikionyesha vijidudu vya maumbo mengi huku sahani ya kuoteshea bakteria kwenye hewa ya kawaida ikiwa tupu. Hiyo ya mwisho ndiyo ishara ninayoiamini kuliko zote. Usaha usiponuka, usiwaondoe kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Vuta usaha kwa sindano

Kijiti cha pamba ndicho kinachoharibu kazi nyingi. Hukauka, huingiza hewa, na hubeba bakteria wa ngozi. Safisha ngozi, vuta angalau mililita 1 au 2 kutoka katikati ya jipu, inua bomba la sindano, sukuma hewa yote itoke, kisha hamishia kwenye chupa maalumu ya kusafirishia. Kama chupa hiyo haipo, ondoa sindano, ziba bomba vizuri, na lifike maabara papo hapo. Usiweke friji. Usitume kinyesi au makohozi kwa ajili ya kipimo hiki, maana bakteria hawa wamo humo hata kwa mtu mzima wa afya.

Maabara, hapa nawaomba subira. Paka rangi ya Gram (ya kuwaonyesha bakteria kwenye darubini) siku hiyohiyo na mpigie daktari simu. Otesha sahani mbili za damu, moja kwenye hewa ya kawaida, nyingine kwenye mtungi usio na oksijeni, na kwenye hii ya pili weka kidonge cha karatasi chenye metronidazoli mikrogramu 5. Usiufungue mtungi kabla ya saa 48. Ukiona duara wazi limekizunguka kidonge, na pale kwenye hewa vimelea hivyohivyo havijaota, umewapata. Sahani ikiwa tupu, irudishe hadi siku ya 5 kabla ya kusaini majibu.

Hatua ya 3: Toa usaha

Ndani ya jipu damu haifiki vizuri, na dawa nayo vivyo hivyo. Jipu kubwa litolewe kwa mrija au kisu, na tundu la utumbo lizibwe. Mgonjwa aliyezidiwa asisubiri chumba cha upasuaji ndipo aanzishiwe antibiotiki. Vyote viende pamoja.

Hatua ya 4: Chagua dawa

Kwa mtu mzima asiye na mzio, mimi huanza na seftriaksoni gramu 1 hadi 2 kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa 8. Jentamisini haiwagusi kabisa bakteria hawa, kwa sababu inahitaji oksijeni ili iingie ndani yao. Penisilini huvunjwa na vimeng'enya vya Bacteroides. Klindamisini nayo imepoteza nguvu kwa usugu.

Ukitumia amoksilini-klavulaneti, piperasilini-tazobaktamu au meropenemu, usiongeze metronidazoli juu yake; kazi hiyo tayari inafanyika. Metronidazoli ya kumeza hufyonzwa karibu yote, kwa hiyo mgonjwa akianza kula na tumbo likifanya kazi, achana na dripu. Mwulize kama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maana damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Anayetumia metronidazoli kwa wiki nyingi, mwulize kama nyayo zinakufa ganzi.

Hatua ya 5: Acha kwa wakati

Utafiti wa mwaka 2015 kwa wagonjwa 518 wa Marekani na Kanada ulionyesha kwamba chanzo kikishadhibitiwa ipasavyo, siku 4 hivi za dawa zinatosha kama kozi ndefu zaidi. Kila siku ya ziada inawaua bakteria wema na kumfungulia mlango Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuhara baada ya antibiotiki. Mgonjwa akiharisha mara 3 au zaidi kwa siku, pima, na simamisha antibiotiki isiyo ya lazima. Mpe fidaksomisini, au vankomisini ya kumeza miligramu 125 mara 4 kwa siku kwa siku 10. Ile ya mshipani haifiki ndani ya utumbo. Nawa kwa maji na sabuni, kwani spirit haiui mbegu zake.

Homa ikiendelea baada ya siku 4 au 5, usikimbilie dawa kali zaidi. Rudia ultrasaundi au CT: kuna usaha uliobaki, mrija umeziba, au mshono wa utumbo unavuja.