Hela ya mboga ya WIC isikufie kwenye kadi

Wamama wenzangu mlioko Marekani, hasa wewe mjamzito, unayenyonyesha au mwenye kitoto hakijatimiza miaka 5. Kuna hela ya matunda na mboga inaingia kila mwezi kwenye kadi ya WIC, ule mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo, na wengi tunaiacha inapotea hivi hivi, halafu tarehe 25 mama anakunywa chai kavu alale ili watoto washibe.

Kama hujajiandikisha, nenda. WIC na SNAP (ile food stamps, msaada wa chakula wa familia nzima) ni vitu viwili tofauti na unaweza kupata vyote. Kipato cha nyumba kisizidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini cha serikali, na kama tayari una Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au SNAP basi upande wa kipato umeshapita. Usijitoe mwenyewe eti baba watoto ana kazi, mi nilijitoa hivyo karibu mwaka mzima, kumbe tulikuwa ndani kabisa.

Kule kliniki watakupima uzito na urefu, watatoboa kidole kuangalia damu, na wanaweza kukuuliza kama kuna siku chakula kiliisha kabla hujapata hela ya kununua kingine. Hapa ndo tunajiharibia. Mtu kachuna sukuma za mwisho juzi lakini anajibu tuko salama, tunamshukuru Mungu. Dada, hiyo si salamu! Sema ulivyo, ndo watakuelekeza na misaada mingine.

Sasa hela yenyewe. Mwaka wa fedha 2024 ilikuwa dola 26 kwa mtoto, 47 kwa mjamzito na 52 kwa anayenyonyesha, kwa mwezi, kwa hiyo mjamzito mwenye mtoto mmoja anabeba 73. Viwango hubadilika, angalia salio lako kwenye app ya jimbo au risiti. Na haivuki kwenda mwezi unaofuata, ikifika tarehe ya mwisho imekwenda, na hiyo tarehe si lazima iwe 30 au 31, isome kwenye risiti.

Dukani sukuma yetu wanaiandika collard greens. Mchicha wa huku siyo ule wetu lakini unaungwa vizuri tu. Kabichi, nyanya, vitunguu, bamia, parachichi, ndizi, vyote vinapita, hata viazi, zamani viazi vyeupe vilikatazwa ndo maana mama wa siku nyingi atakwambia haviruhusiwi. Kinachogoma ni vilivyochanganywa. Mimi nilikamata paketi ya saladi nzuri, ndani kumbe kuna kipakiti cha sosi na vipande vya mkate, mashine ikakataa, foleni nyuma inahema, mtoto analia, nikaiacha nikatoka na aibu yangu. Siku hizi kwanza naskani kwa app.

Kwenye kulipa telezesha WIC kwanza, halafu SNAP, mwisho hela yako. Mboga zikizidi salio kidogo usirudishe kitu, unaongezea tofauti tu.

Zikibaki dola kumi na kitu siku za mwisho, nunua majani. Katakata sukuma, tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3, toa haraka weka kwenye maji ya barafu, kamua hadi ziwe kama ngumi, kila ngumi mfuko wake, friza. Ukitoka shifti usiku unakaanga kitunguu na nyanya unatupia ngumi moja, dakika kumi ugali una mboga. Majimbo mengi pia yanakubali mboga za friza za dukani, hizo hazikuozei.

Halafu kiangazi majimbo mengi hutoa vocha za pembeni za kununua kwa wakulima kwenye masoko yao, hazikatwi kwenye hela yako ya mwezi. Uliza kliniki mapema, zikiisha zimeisha.